Mapigo ya Jumapili

Mgodini, Geita
3 Februari 1952

Mdogo wangu Scolastika, mama wa Esta,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la mtama, imekunjwa hata nikadhani ni tumbaku. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya kumsikia baba ndani yake. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa mgodini anavyoweza kuwa hana jambo. Mpe baba shikamoo yangu. Mwambie nimeitoa nikiwa nimesimama. Mwambie Esta akimaliza kung'oka meno ya mbele nitamletea miwa.

Huku mvua haikatiki. Kambi ni tope tupu. Ninalala chumba kimoja na Kalisti, mtu wa Bukoba, ambaye anasema tope la Geita lina dhahabu, kwa hiyo tusioshe miguu, tutatajirika tukiwa tumelala. Mzaha huo ameurudia tangu Krismasi na mimi sina nguvu ya kumwambia anyamaze. Nimechoka, mdogo wangu. Si ule uchovu wa jembe ambao mtu analala nao na kuamka bila yake. Huu naamka naukuta umekaa kitandani unanisubiri.

Nafurahi kusikia mabati yamepigwa yote juu ya nyumba ya baba. Vipande vya kazi vingapi vimo katika paa lile, mimi najua, na mgongo wangu unajua. Mvua ikigonga juu yake nikumbukeni.

Sasa lile neno la baba. Unasema anataka nirudi nipokee mawe yake mawili ya kupigia kabla mikono haijazidi kutetemeka. Najua kwamba mwana wa kiume ni mimi peke yangu, na kwamba lile jiwe kubwa la kilimani halijapigwa na mtu wa nyumba nyingine tangu babu. Nikifumba macho najiona nimepakatwa juu kule, baba akigonga kwa mkono wake wa kulia na mimi kwa wangu wa kushoto, tukilifanya jiwe lilie kama kengele ya misheni. Tatu tatu za haraka ni moto. Moja nzito na mbili nyepesi, ng'ombe wameibwa. Moja moja za polepole, mtu amepotea. Sijasahau hata moja.

Mwambie nitakuja. Usiniulize lini.

Unisamehe mwandiko. Kalamu ni mbovu.

Kaka yako,
Masele Mabula


Mwandulima, kwa njia ya Mhunze
30 Machi 1952

Kaka Masele, shikamoo.

Sisi wazima. Baba anakula vizuri ila anatafuna kwa upande mmoja. Esta ana kikohozi. Mtama umetoka mzuri, viazi tumeanza kukausha, nimekuwekea michembe ya kutosha debe zima, naituma pamoja na barua hii. Ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Kuna jambo limetufika na sijui nilianzie wapi. Jumapili ya pili ya mwezi huu yalikuja magari mawili mpaka chini ya kilima chetu, mahali ambapo hata mwenye baiskeli hushuka akasukuma. Wazungu saba, wanawake wakiwa watatu, na mpishi wao na kikapu cha mikate. Wametoka upande wa kule kwenye almasi, wanatembea tu siku ya mapumziko, wanatafuta vitu vya kutazama. Karani Eustace wa baraza la mtemi alikuwa kwenye gari la mbele, amekaa kana kwamba ameliunda yeye.

Walimwita baba kwa jina lake. Karani akamtafsiria: "Wanauliza kama ndiwe Mabula mwenye jiwe linalolia." Baba akadhani ameshtakiwa. Kumbe wanataka kulisikia. Na kaka, walijua njia ya nyuma ya kisima. Walijua kwamba mawe mawili ya kupigia yanakaa kwenye mfuko wa ngozi juu ya kitanda cha baba, jambo ambalo hata jirani wengi hawalijui. Nani kawaambia?

Baba alikataa. Unaijua sheria yetu. Anayelipiga bila sababu hutoa dume kwa waliokimbia kuja, na anayelisikia asije huachwa peke yake, halimiwi, hazikiwi. Jiwe likilia ni mwano, ni watu kuacha kila kitu na kuja na chochote kilicho mkononi. Karani akasema hii ni heshima kwa nchi nzima na mtemi atafurahi. Wageni wakaketi juu ya jiwe wakala mikate. Baba akafikiri mpaka mikate ikaisha. Kisha akachukua mawe akapiga nne, akapumua, akapiga nne tena. Hivyo mara kadhaa.

Hapajawahi kuwa na mapigo kama hayo. Hakuja mtu. Mageni, jirani yetu, alikuwa anapalilia, nikamwona ameinua kichwa, amesikiliza, ameinama tena. Jioni akaja kuuliza kama mzee ni mzima, maana amesikia mlio lakini hakusikia habari.

Baba akamjibu, "Mlio nimewapa. Habari sikuwapa."

Akacheka peke yake mpaka akalala. Ila wakati wanaondoka, wageni walisema watarudi.

Nijibu lile nililokuuliza.

Mdogo wako,
Scolastika


Mgodini, Geita
11 Mei 1952

Mdogo wangu,

Nimepata barua na michembe pia, na Kalisti ameila nusu akisema ni chakula cha mbuzi, huku mkono wake hautoki kwenye debe. Kwa kikohozi cha Esta tumia asali na majani aliyotumia mama. Dume jekundu msiliuze. Shamba la bondeni lipumzishwe mwaka huu. Mpe baba salamu, mwambie nimecheka aliposema habari hakuwapa.

Baba amefanya vizuri. Nisingefanya bora. Wageni hawa hata sisi tunao. Kila Jumapili nyapara anatupanga uwanjani tucheze. Tunacheza ngoma ya mavuno na hakuna kati yetu aliyevuna kitu mwaka wa tatu huu. Wanaketi kwenye viti na miavuli. Mmoja wao aliuliza mbona hatuna manyoya kichwani. Jumapili iliyofuata manyoya yakaja, ya kuku waliowala wao wenyewe. Kalisti ni Mhaya, hajui hata hatua moja ya Kisukuma, anarukaruka tu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na ndiye wanayempiga picha kuliko wote. Siku hizi anatufundisha sisi.

Lakini mtu akikupiga picha huumii. Mnapigwa picha, mnapewa sukari, wanakwenda. Wageni hupita, mdogo wangu, kama nzige. Vumilieni. Baba aendelee kuwapa hayo mapigo yasiyo na habari, na siku nyingine zote jiwe libaki letu.

Kazi ni ile ile. Filimbi ya asubuhi inalia kabla sijamaliza kuchoka kwa jana.

Masele


Mwandulima
13 Julai 1952

Kaka Masele, shikamoo.

Esta amepona. Pamba tumevuna magunia matatu. Baba anakusalimu, ila siku hizi hasemi mengi.

Wageni hawakupita. Wanakuja kila Jumapili ya mwezi huu wa kiangazi, wengine kutoka Mwanza kabisa. Na kulisikia jiwe hakuwatoshi. Kuna mtu amewaambia kwamba likilia watu huja mbio na mikuki, sasa wanauliza, mbona hawaji? Mmoja alikasirika, akasema ameendesha gari mchana kutwa kuja kusikia mzee akigonga mwamba.

Basi Karani Eustace akakusanya vijana. Amewafundisha wakisikia nne, kupumua, nne, waache majembe wapande kilima mstari mmoja, wakipiga kelele. Mikuki wamechongewa ya mti. Ngozi zimeletwa kutoka ghala la ngozi, zinanuka dawa mpaka mbwa wanakimbia. Kaka, ni lini mtu wa hapa alivaa chui? Babu alivaa kaniki, baba anavaa lile koti la jeshi ulilomletea. Karani akamwambia alivue. Baba akalivua, akalikunja, akaliweka chini ya jiwe, akapiga akiwa kifua wazi na ngozi ya mnyama asiyemjua begani. Mageni akamtania kwamba mtemi mpya amefika, mbona hapigiwi vigelegele. Baba hakucheka.

Anayefika wa mwisho hapati sukari wala sigara, kwa hiyo wanakimbia kwelikweli. Hata siku za kazi nawasikia vijana shambani wakigonga jembe kwa jembe, nne, kimya, nne, halafu wanashindana.

La mwisho ndilo baya. Mwanamke mmoja mwenye mashine ya picha alisema paa la baba linang'aa na kuharibu picha ya kilima. Alhamisi Karani akaja na watu, wakashusha mabati yako yote, wakaezeka nyasi. Mabati yamelazwa nyuma ya zizi. Karani anasema tumepata nyumba ya asili. Baba alisimama tu akishika ngazi ili wasianguke.

Uliniambia wageni hupita kama nzige. Kaka, nzige hupita na kilichokuwepo.

Kuna mambo mawili. Kwanza, hukunijibu ni nani aliyewaambia habari zetu. Pili, herufi zako zinalala kushoto kama mtama uliopigwa na upepo. Tumesoma darasa moja mimi na wewe, naujua mwandiko wako. Kalamu mbovu haibadilishi mkono wa mtu. Unaandikiwa na nani?

Scolastika


Mgodini, Geita
24 Agosti 1952

Mdogo wangu,

Naandika mwenyewe. Hakuna anayeniandikia.

Habari ya mabati imenikaa kifuani siku tatu. Kila kipande cha kazi ni kadi ya siku thelathini zilizotiwa alama, na ukikosa siku moja huhesabiwi mpaka uikamilishe. Lile paa ni shimo nililoshuka. Nilitaka kuandika kwa karani maneno makali, nikaanza, nikaona sina nguvu ya kuyamaliza. Mwache. Bati si mtu. Baba ni mzima, hilo ndilo la kushukuru.

Tena nikuambie, siku hizi sishuki shimoni. Tangu Januari nipo nyumba ya wageni, natembeza chai. Sikusema kwa sababu si kazi ya kumsimulia baba. Wageni wanaokuja kuuona mgodi hulala hapo. Wakishamaliza kuona mashine wanakaa barazani wanakuuliza, hapa kuna nini kingine? Wanataka kitu ambacho wenzao hawajakiona. Ukisema hakuna kitu, wanakutazama kama wewe ndiye uliyekificha.

Usiku mwema kwenu.

Masele


Mwandulima
28 Agosti 1952

Kaka Masele, shikamoo.

Sijapata jibu lako ila siwezi kusubiri. Sote tu hai. Nimeanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Jumatano tarehe ishirini, saa sita mchana, Mageni alikuwa anachoma mabua ya pamba. Upepo ukageuka. Moto ukaruka kijito kikavu ukaja kwetu kwenye nyasi. Baba aliuona kabla yangu. Alipanda kilima na mfuko wake kama mtu wa miaka thelathini, nami nyuma yake, akapiga tatu tatu za haraka. Alipiga vizuri, kaka, ungemsikia. Nilisubiri kuona watu wakitoka mashambani.

Walikuja wazee wanne, na bibi mmoja na mtungi wake. Basi. Vijana tuliwaona kwa macho yetu upande wa pili wa bonde, wamesimama wakiegemea majembe wanatazama kilimani, halafu wakainama kulima. Baadaye waliniambia walidhani mzee anajizoeza tu, maana kwa mapigo hayo hawajawahi kuona mtu anakimbia. Ni kweli. Moto wa mwisho hapa ulikuwa kabla ya vita, wao walikuwa bado migongoni.

Baba akapiga mpaka ngozi ya kidole ikatoka. Moto ulikuwa umeshafika kwenye uzio. Nikayashika yale mawe. Unajua mwanamke hayagusi. Baba alinitazama, hakuyaachia, nikayavuta kwa nguvu mikononi mwake. Nikapiga nne. Nikapumua. Nikapiga nne.

Kaka, walikuja kutoka kila mahali. Walikuja kwa mstari, wakipiga kelele kama walivyofundishwa, na mikuki ya mti. Wengine walipitia nyumbani kwanza kuvaa ngozi. Yule wa kwanza kufika kilimani aliangalia huku na huku, akaniuliza, "Mama Esta, magari yako wapi?"

Nikamwambia, "Hakuna magari. Tazama nyuma yako."

Nasema haki yao, walipouona hawakurudi nyuma. Walivua zile ngozi wakaupiga moto nazo, wakaupiga mpaka ngozi zikawa makaa. Uliishia kwenye zizi. Ng'ombe wamepona. Nyumba ya baba imekwisha, na ghala la mtama pamoja nayo. Nyasi zile za asili ziliwaka mara moja, hazikungoja. Mabati yako yapo palepale nyuma ya zizi, hayana hata doa.

Mageni amekaa uani kwetu siku tatu analia, tumemsamehe. Mfuko wa ngozi wa babu nao ulipona kwa kuwa baba alikuwa nao shingoni. Tunalala kwenye banda la kupikia.

Baba hajasema neno nami tangu siku ile. Sijui ni kwa sababu niliyagusa mawe, au ni kwa sababu walikuja.

Rudi nyumbani.

Scolastika


Mwandulima
14 Septemba 1952

Kaka,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako ya tarehe ishirini na nne imefika jana. Umeandika bati si mtu siku nne baada ya paa la nyasi kuungua. Sikulaumu, hukujua.

Wazima sote. Vijana wameturudishia mabati juu ya kuta zilizobaki, bila kuitwa.

Unatembeza chai kwenye nyumba ya wageni. Wanauliza hapa kuna kitu gani kingine. Tangu Januari. Magari ya kwanza yalikuja Machi.

Nakuuliza mara ya tatu, na sasa unajua ninachouliza. Ni wewe?

Scolastika


Mgodini, Geita
5 Oktoba 1952

Scolastika,

Ni mimi.

Salamu zitakuja mwishoni leo, nikizianza sitafika.

Desemba mwaka jana, siku tano kabla ya Krismasi, jiwe liliteremka kutoka juu likanikuta nimeegemeza mkono wa kulia ukutani. Vidole vitatu havipo. Kile kidogo kipo na gumba lipo, lakini havishiki kitu. Nilijifunza kuandika kwa kushoto nikiwa kitandani, nikinakili maneno yaliyo kwenye kopo la maziwa. Ndiyo sababu sikuja, na ndiyo sababu sikusema lini. Jiwe la baba linapigwa kwa mikono miwili. Ningefika na kumwonyesha nini?

Mtu wa mkono mmoja hupewa nauli na kuambiwa aende kwao. Bwana mmoja akanihurumia, akaniweka kwenye chai, akasema nijaribu mwezi mmoja. Aliyekuwa hapo kabla yangu alikuwa Ignas, mzee wa Ushirombo, waliachana naye kwa kuwa hakuwa na maneno, wageni walimwona kama kiti. Nikaogopa. Siku moja mzungu mmoja na mkewe wakaniuliza, kwenu kuna kitu gani cha ajabu? Alikuwa mtu mwema, aliniambia nikae. Tangu niumie hakuna aliyekuwa ameniambia nikae. Nikasimulia. Nikaweka sinia chini nikagonga kwa kijiko, moto, ng'ombe, aliyepotea. Nikasema watu huja mbio na mikuki, maana wakati wa babu ilikuwa hivyo, na kwa sababu niliona macho yao yamefunguka nikaongeza. Nikataja jina la baba. Nikachora njia ya nyuma ya kisima kwenye karatasi yake. Nilikuwa na furaha, Scolastika. Nilikuwa kama nimefika nyumbani.

Wakanibakisha kazini. Yule bwana alinipa viatu. Nimevivaa ninapoandika barua hii.

Sikujua watakwenda. Hapana, hilo nimeliandika vibaya. Sikutaka kujua.

Sasa amua wewe. Ukitaka msomee baba, usipotaka ichome. Mimi sina nguvu ya kuchagua. Nasalimu wote. Mwambie Mageni pole.

Masele


Mwandulima
9 Novemba 1952

Kaka Masele, shikamoo.

Mvua ya kwanza imenyesha. Tumelala chini ya mabati na haikuingia hata tone. Esta ameota meno. Baba anakusalimu, na sasa nakuambia jinsi alivyokusalimu.

Nilikaa na barua yako wiki mbili. Nilikuwa na hasira, sitakuficha, nilitembea na maneno ya kukujibu mpaka kisimani na kurudi. Kisha Ijumaa nikamsomea baba yote, pamoja na viatu. Nilisoma polepole, akawa anatazama mlangoni. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Mkono upi?"

Nikasema wa kulia.

"Wa kushoto mzima?"

Nikasema barua hii imeandikwa nao.

Akachukua mfuko akaniambia twende. Tulipanda kilima, tukapumzika mara tatu njiani. Juu akakaa, akaniweka mbele yake kama alivyokuwa anakupakata wewe, mwanamke wa miaka thelathini na moja mwenye mtoto. Akanipa jiwe la mkono wa kulia. La kushoto akabaki nalo yeye. Akasema, "Wewe ni mkono huu. Ule mwingine uko Geita, utakuja na mwenyewe."

Nikamwuliza atanifundisha mapigo gani, ya babu? Akasema hapana, hayo nitafundishwa ili niyajue, si ili niyatumie. Amefikiri tangu moto. Mapigo ya babu hayana watu tena, waliokuwa wanayajua ni wanne na bibi mmoja. Yale ya nne na nne aliyatunga yeye yasiwe na habari, lakini siku ya moto yalileta kijiji kizima. "Basi hayo ndiyo moto," akasema. "Tangu leo ni moto. Na wageni wapewe ya babu. Ni mazuri kusikiliza, na hayatamsumbua mtu."

Alisema hivyo bila uchungu, kaka. Au uchungu ulikuwa umechoka. Nilitaka kulia, yeye akawa ananisahihisha kiwiko.

Amewaita vijana akawaambia. Wameapa hawakimbii tena Jumapili, na ngozi zenyewe zimekwisha. Karani Eustace alikuja kugomba, baba akamsikiliza akiwa na koti lake mwilini, vifungo vyote vimefungwa, akamwambia jiwe litapigwa, atakayetaka mbio akimbie mwenyewe. Siku hizi njia ni tope, magari hayaji. Kiangazi yatakuja. Tutaona.

Baba anasema usimletee viatu, vivae wewe, usije ukafika umeumia miguu pia.

Scolastika


Mgodini, Geita
30 Novemba 1952

Mdogo wangu Scolastika, mwenye jiwe la kulia,

Barua yako niliisomea kwenye ngazi ya jikoni, Kalisti akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Akasema basi mbona unalia, nikasema moshi. Akasema jiko limezimwa tangu mchana.

Mpe baba shikamoo. Sikuitoa nimesimama, safari hii nilikuwa nimekaa.

Kipande changu kimebaki siku kumi na moja. Nimemwambia bwana naondoka, akasema ni hasara, wageni wananipenda. Nitavuka kwenda Mwanza, nitapanda gari moshi mpaka Shinyanga, kutoka hapo lori lolote hadi Mhunze. Usije kunipokea. Nataka kupanda njia ya nyuma ya kisima peke yangu, mimi niliyeichora.

Nimeanza kujizoeza. Nne, kupumua, nne. Mkono wa kushoto una akili nzito, unapiga tatu unasahau. Jana nilikuwa nangojea maji yachemke, nikagonga kijiko kwenye sinia bila kufikiri. Kulikuwa na mgeni barazani, mwanamke mwenye kitabu. Akaja mpaka mlangoni, amefurahi kabisa, akaniuliza kile ninachokipiga ni nini, na kwetu maana yake nini.

Nikaweka kijiko chini. Nikamwambia nilikuwa nafukuza nzi.

Kaka yako,
Masele